Kiingereza cha Kupimwa: Kabla Hujauza Kahawa Kulipia Mtihani

Mazungumzo ya redio ya juma hili, kama yalivyosomwa hewani

Mada ya juma hili imeletwa na barua. Imeandikwa na muuguzi wa wilaya ya Kyerwa ambaye hakupenda jina lake lisomwe hewani, nami naheshimu ombi lake. Anasema anataka kwenda kufanya kazi ya uuguzi Uingereza. Amepata mtu aliyemhakikishia kwamba kilichobaki ni "cheti cha Kiingereza" tu, na kwamba kwa shilingi milioni kadhaa ataandaliwa kila kitu. Baba yake yuko tayari kuuza kahawa ikiwa bado mtini ili fedha zipatikane upesi. Anauliza: "Shikamoo mtangazaji. Huo mtihani ni wa namna gani, na mtu wa huku kwetu anaweza kuufaulu?"

Kwa wasomaji wa mijini wasiolijua jambo hili, kuuza kahawa ikiwa bado mtini huku Karagwe na Kyerwa kunaitwa butura. Mnunuzi mwenye fedha mkononi hufika shambani kabla kahawa haijaiva, hukadiria kwa macho, hutaja bei anayoitaka yeye, na mwenye shida hukubali. Serikali na vyama vya ushirika wameipiga vita butura kwa miaka mingi. Familia iliyouza butura imekwisha kula mavuno ya msimu ujao, na kama mtoto akianguka kwenye mtihani, hakuna kahawa ya kurudia. Ndiyo maana nimeona swali la binti huyu halifai kujibiwa kwa dakika mbili.

Kwanza tuelewane juu ya mitihani yenyewe. Unaojulikana zaidi kwetu ni IELTS, unaoendeshwa kwa pamoja na British Council, shirika la IDP la Australia na idara ya mitihani ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Umekuwapo kwa jina hilo tangu mwaka 1989. Mwingine ni TOEFL, wa Kimarekani, ulioanza mwaka 1964. Watu wa afya wana wa kwao, OET, ambamo maswali yote ni ya hospitali: barua ya kumhamisha mgonjwa, mazungumzo na ndugu wa mgonjwa, na kadhalika. Iko na mingine ya bei nafuu inayofanyiwa nyumbani kwenye kompyuta, ambayo vyuo kadhaa huikubali na idara za uhamiaji mara nyingi huikataa.

Swali la kwanza la kujiuliza, kabla ya kununua hata daftari, ni kama unahitaji mtihani wowote. Vijana wengi wa Karagwe wanaovuka Mto Kagera pale Murongo kwenda kusoma Mbarara au Kampala hawaulizwi cheti cha namna hii. Vyuo vingi vya India vimekuwa vikiwapokea Watanzania bila hicho. Vipo vyuo vya Ulaya, hata vya Uingereza kwenyewe, vinavyoridhika na barua ya chuo chako cha hapa nchini inayothibitisha kwamba masomo yalifundishwa kwa Kiingereza, au na alama nzuri ya Kiingereza katika cheti cha kidato cha nne. Kwa hiyo andikia chuo unachokitaka, ueleze elimu yako, uulize kwa maandishi wanataka nini. Jibu lao ni bure. Nimekutana na watu waliolipia mtihani wa mamia ya maelfu ya shilingi kwa sababu tu rafiki alisema "lazima ufanye", kisha chuo kikawaambia hakikuuhitaji.

Kwa kazi, hasa Uingereza, mambo ni magumu zaidi, na hapa ndipo watu wetu huuliza kwa uchungu: sisi tulitawaliwa na Waingereza, sekondari zetu zinafundisha kwa Kiingereza, kwa nini tupimwe? Jibu ni kwamba serikali ya Uingereza ina orodha ya nchi inazozihesabu kuwa za watu wanaozungumza Kiingereza kwa wingi. Jamaika imo, Malta imo, Guyana imo. Tanzania haimo. Wala Kenya na Uganda hazimo, kwa hiyo tusione wivu kwa majirani.

Na tukiwa wakweli, tunajua kwa nini. Mtoto wa Tanzania katika shule ya kawaida husoma miaka ya msingi kwa Kiswahili, kisha anaingia kidato cha kwanza na kukuta fizikia na jiografia zimegeuka lugha. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nazo zianze kufundishwa kwa Kiswahili. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Kiingereza, Criper na Dodd, walizunguka shuleni wakapima, wakaona kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha hata kufuata masomo yao wenyewe. Miaka zaidi ya 40 imepita tangu hapo. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 iliruhusu lugha zote mbili, lakini karatasi za mtihani wa kidato cha nne zimeendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Matokeo yake ni mhitimu anayeweza kukariri kwa Kiingereza sehemu zote za moyo wa binadamu, lakini akiulizwa kwa Kiingereza jana jioni alifanya nini, anatafuta mlango wa kutokea.

Huyu wa Karagwe ana mzigo wa ziada, au labda niseme ana lugha ya ziada. Nyumbani ni Kinyambo, sokoni Kiswahili, darasani Kiingereza. Kinyambo hakitofautishi sana r na l, na sote tunajua utani tunaotaniwa na watu wa pwani kwa ajili hiyo. Katika Kiswahili utani huo hauna madhara makubwa. Katika Kiingereza, tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha wali na chawa. Hali kadhalika Kiswahili kina irabu tano tu, wakati Kiingereza kina nyingi, fupi na ndefu, ndiyo maana meli na kondoo wa Kiingereza vinywani mwetu huwa kitu kimoja. Na mwisho wa neno tunapenda kuweka irabu ndogo ya kusindikiza: shule inakuwa "sikulu", kitabu kinakuwa "buku". Nasema haya si kwa kuwakatisha tamaa. Msimamizi wa mtihani hapimi kama unazungumza kama mtu wa London. Anapima kama unaeleweka bila kumchosha. Lafudhi ya Kagera inaruhusiwa. Neno lililogeuka kuwa neno jingine ndilo linalogharimu alama.

Nikumbushe pia kwa faida ya wanaojiona wadogo: mwishoni mwa mwaka 1861, Speke alipofika Karagwe kwa Mfalme Rumanyika, aliyehitaji mkalimani alikuwa Mwingereza. Speke alimwambia Sidi Mubarak Bombay kwa Kihindustani, Bombay akalitoa kwa Kiswahili, ndipo jibu likarudi kwa njia ileile. Hakuna aliyempima.

Turudi kwenye mtihani. Nitaeleza IELTS kwa sababu ndio ulioulizwa zaidi. Una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Alama zake huitwa bendi, kuanzia 0 hadi 9, na huenda kwa nusu nusu. Hakuna kufaulu wala kufeli. Wewe unapata bendi yako, na anayekuhitaji, chuo au mwajiri, ndiye anayesema inatosha au haitoshi. Upo wa namna mbili, wa kitaaluma kwa wanaokwenda vyuoni na kwa taaluma kama uuguzi, na wa jumla kwa wanaokwenda kufanya kazi nyingine au kuhamia. Uchague vizuri wakati wa kujiandikisha, maana ukifanya usiohitajika, fedha imekwenda.

Sehemu ya kusikiliza huchukua kama nusu saa na ina maswali 40. Kila kipande husikika mara moja tu. Kwa mtu aliyezoea mwalimu anayerudia sentensi mara tatu, huu ni mshtuko. Kuna mtu anataja jina lake herufi kwa herufi, namba ya simu, tarehe, anuani ya mtaa, naye anaweza akajikosoa katikati: "hapana, si Jumanne, ni Alhamisi". Aliyekwisha kuandika Jumanne na kufunga masikio amepoteza. Tahajia nayo huhesabiwa: ukisikia sawasawa na kuandika vibaya, hupati kitu. Wasemaji huwa Waingereza, Waaustralia, Wamarekani na wengineo, kwa hiyo kusikiliza aina moja tu ya sauti hakutoshi.

Kusoma ni saa moja, maswali 40, na katika ule wa kitaaluma ni makala matatu marefu. Hapa kuna mtego mmoja ambao nataka nikae nao kidogo, kwa sababu unawaangusha hata walimu. Unapewa sentensi, unatakiwa useme kama kwa mujibu wa makala ni kweli, si kweli, au haikutajwa. Hilo la tatu ndilo janga. Tuseme makala inazungumzia kahawa na imesema kwamba robusta hupandwa maeneo ya chini kuliko arabika. Swali linasema: robusta huzaa zaidi kuliko arabika. Mtoto wa mkulima wa Nkwenda atajibu upesi kwamba ni kweli, na shambani ni kweli. Lakini makala haikusema. Jibu sahihi ni kwamba haikutajwa. Sisi tumelelewa kuonyesha tunachokijua. Mtihani huu unataka ukiweke kando unachokijua na useme tu kilichoandikwa mbele yako. Njia ya kujizoeza ni rahisi: chukua gazeti lolote, hata hili la Kiswahili, soma aya moja, kisha mwambie ndugu yako akutungie sentensi tano, nawe useme ipi imo, ipi inapingana na aya, ipi haimo kabisa. Ukiizoea akili hiyo kwa Kiswahili, utaihamishia kwenye Kiingereza bila taabu.

Kuandika ni saa moja, kazi mbili. Ya kwanza, maneno yasiyopungua 150: wa kitaaluma huelezea jedwali au mchoro wa takwimu, wa jumla huandika barua. Ya pili ni insha ya maneno yasiyopungua 250, na uzito wake ni mara mbili ya ile ya kwanza, kwa hiyo usimalize dakika 40 kwenye mchoro. Katika barua, tabia yetu ya salamu hutuponza. Tumefundishwa kuanza kwa kumtakia mtu afya, kumwambia sisi hatujambo, hofu na mashaka ni kwake yeye aliye mbali, na ndipo tufike kwenye shida. Msahihishaji wa Cambridge hana subira hiyo. Anataka sentensi ya kwanza iseme barua hii ni ya nini. Katika insha, ugonjwa wetu ni wa kukariri. Mtu hununua kitabu cha majibu, anameza insha ya mazingira neno kwa neno, halafu anaimwaga hata kama swali ni la usafiri wa mijini. Wasahihishaji wamefundishwa kuzitambua insha za namna hiyo, na huzikata alama. Wanaangalia mambo manne: umejibu swali lililoulizwa, mawazo yanafuatana, msamiati ni mpana na sahihi, sarufi ni ya aina mbalimbali na haina makosa mengi. Insha yenye maneno ya kawaida iliyojibu swali hupata alama kuliko yenye maneno makubwa iliyolikimbia.

Sehemu ya mwisho, kuzungumza, ni ya dakika 11 hadi 14, wewe na mtahini, na mazungumzo hurekodiwa. Kwanza anakuuliza habari zako: kwenu, kazi yako, unachopenda. Kisha anakupa kadi yenye mada, dakika moja ya kujiandaa, nawe unazungumza peke yako kati ya dakika moja na mbili. Mwishowe mnajadiliana kwa undani zaidi. Malezi yetu mema ndiyo yanayotuumiza hapa. Kijana wa Kinyambo mbele ya mtu mzima hafungui mdomo sana. Anajibu kwa neno moja, anaangalia chini, na huko kwetu huyo ndiye mtoto mwenye adabu. Mtahini akiuliza, "Unapenda kijiji chenu?" naye akajibu "Ndiyo" na kunyamaza, hajaonyesha Kiingereza chochote. Inatakiwa aseme anakipenda kwa nini, kina nini, nini kimebadilika tangu alipokuwa mdogo, migomba ya bibi yake iko upande gani. Mtahini haendi Kyerwa kuihakiki migomba. Ukweli wa habari haupimwi; inapimwa lugha iliyoibeba.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa watu wengi huumia bila kuelewa. Bendi ya jumla ni wastani wa sehemu nne, ukikaribishwa kwenye nusu iliyo karibu. Baraza la Uuguzi na Ukunga la Uingereza linataka 7 katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Tuseme muuguzi wetu amepata 7.5 kusikiliza, 7 kusoma, 7 kuzungumza na 6 kuandika. Wastani ni 6.875, unapanda kuwa 7. Karatasi inasomeka 7, nyumbani wanachinja jogoo. Lakini Baraza litamkataa, kwa sababu kuandika ni 6. Linaruhusu kuunganisha matokeo ya mitihani miwili kwa masharti yake, kwa hiyo atalazimika kurudia, na kurudia ni ada mpya. Ndiyo kusema, anayejiandaa asijifariji na wastani. Aangalie sehemu yake iliyo dhaifu, na kwa Watanzania wengi ninaowafahamu sehemu hiyo ni kuandika.

Tena cheti chenyewe hakidumu. Matokeo huhesabika kwa miaka miwili. Wapo wanaokimbilia kufanya mtihani kabla hawajawa na chuo wala mwajiri, halafu taratibu nyingine zinachukua muda, na siku wanapoitwa cheti kimekwisha kuchacha. Mtihani ufanywe ukiwa unajua unakwenda wapi na lini.

Je, maandalizi ni muda gani? Cambridge hukadiria saa kati ya 150 na 200 za kufundishwa ili mtu apande kutoka ngazi ya kati kwenda ile inayofuata ya vipimo vya Ulaya. Ukisoma saa mbili kila siku bila kukosa, saa 200 ni siku 100, zaidi ya miezi mitatu. Na hizo ni saa za kufundishwa, si za kushika kitabu huku unasinzia baada ya zamu ya usiku. Kwa hiyo anayekuuzia "kozi ya wiki mbili" anaweza kukufundisha sura ya mtihani, jambo ambalo lina faida yake, lakini hawezi kukupa Kiingereza usichokuwa nacho.

Kwa mtu wa Kayanga, Omurushaka au Isingiro, asiye na chuo cha lugha karibu, hali si mbaya kama inavyodhaniwa. Waandaaji wa mtihani wenyewe hutoa mifano ya maswali bila malipo kwenye intaneti. Mtu anaweza kwenda mara moja kwa juma mahali penye mtandao mzuri, akapakua sauti na karatasi, akarudi nazo kijijini kwenye simu. BBC ina vipindi vya kufundisha Kiingereza vya dakika sita hivi, vinavyoweza kusikilizwa mara kumi wakati wa kumenya ndizi. Redio za ng'ambo ya mto zinazotangaza kwa Kiingereza zinasikika pande zetu. Habari zao ni mazoezi ya masikio. Kuandika kunahitaji mtu wa kusahihisha, na hapa nashauri umtafute mwalimu wa Kiingereza wa sekondari iliyo karibu, umlipe kwa kila insha, insha mbili kwa juma. Kuzungumza kunahitaji mwenzi. Wauguzi wawili wa zahanati moja wakikubaliana kwamba kila siku saa moja ya jioni ni Kiingereza tu, watachekwa juma la kwanza, na juma la nne watazoeleka.

Na kuna jambo dogo ambalo halimo kwenye vitabu: kuchapa. Siku hizi watahiniwa wengi hufanyia mtihani kwenye kompyuta. Mtu ambaye maisha yake yote amechapa kwa dole gumba kwenye simu, akawekwa mbele ya kibodi na kuambiwa aandike maneno 400 kwa saa moja, atatafuta herufi hadi muda uishe. Tafuta kompyuta, ya shule, ya ofisi ya kata, ya duka la kuchapa barua, ujizoeze mapema.

Kuhusu mahali, kituo kikuu cha British Council hapa nchini kiko Dar es Salaam. Kutoka Kayanga ni zaidi ya kilomita 1,300 za basi, kupitia Biharamulo, Kahama, Singida na Dodoma. Usiingie kwenye chumba cha mtihani siku uliyoshuka basi. Tenga fedha za kulala angalau siku mbili. Kampala iko chini ya nusu ya safari hiyo, na Kigali nayo si mbali, na Mtanzania mwenye pasipoti anaweza kujiandikisha huko. Linganisha ada, nauli na malazi kabla ya kuamua. Ada ya mtihani wenyewe inazidi dola 200 za Marekani, na hubadilika, hivyo iulizwe kituoni, si kwa wakala.

Pasipoti nimeitaja, na ndiyo kitambulisho cha mtihani. Ada yake ni shilingi 150,000 tangu ile ya kielektroniki ilipoanza mwaka 2018. Kabla hujaiomba, panga vyeti vyako vyote mezani usome majina. Tatizo letu la r na l halikuishia mdomoni; limeingia hadi kwenye nyaraka. Karani mmoja aliandika Rwegasira kwenye cheti cha kuzaliwa, mwalimu akaandika Lwegasila kwenye cheti cha shule, na mwingine akageuza mpangilio, jina la ukoo likawa mbele. Kwetu ni mtu mmoja. Kwa afisa wa viza ni watu watatu. Marekebisho kwa hati ya kiapo au hati ya kisheria ya jina huchukua majuma, hivyo yaanze mapema kuliko kitu chochote.

Sasa nimjibu binti yangu wa Kyerwa kuhusu yule mtu wa milioni kadhaa. Si kweli kwamba kimebaki cheti tu. Muuguzi wa kigeni Uingereza, baada ya Kiingereza, ana mtihani wa nadharia wa kompyuta na mwingine wa vitendo unaofanyikia hukohuko. Pili, Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na kanuni za Uingereza zinakataza mawakala kuja kuwavuna wauguzi katika nchi hizo. Wewe mwenyewe unaruhusiwa kuomba kazi moja kwa moja kwa mwajiri. Kwa hiyo wakala anayekufuata Kyerwa na ahadi hiyo tayari ana dosari mbele ya kanuni anazodai kuzijua. Tatu, kama anakuuzia kazi ya kulea wazee, fahamu kwamba mlango huo ulifungwa kwa waombaji wapya wa kutoka nje tarehe 22 Julai 2025. Na kwa kazi nyingine za ujuzi, kiwango cha Kiingereza kilipandishwa Januari 2026.

Akikuambia kwamba cheti kinaweza kupatikana bila kufanya mtihani, ondoka. Vyuo na waajiri huhakiki matokeo ya IELTS moja kwa moja kwa waandaaji. Mwaka 2014 iligundulika kwamba katika vituo kadhaa vya Uingereza watu walikuwa wakifanyiwa mtihani wa Kimarekani na watu wengine. Serikali ya Uingereza ikaacha kuitambua mitihani ya kampuni hiyo, maelfu ya wanafunzi wakafutiwa viza, na wengine waliosema hawakuhusika walihangaika mahakamani miaka mingi.

Kuhusu kahawa ya mzee, ushauri wangu ni huu. Fanya kwanza karatasi ya majaribio nyumbani, kwa saa kamili, bila simu wala kamusi. Ni bure. Mpe mwalimu asahihishe uandishi wako. Kama uko kwenye 5, una kazi ya miezi mingi, na hakuna haja ya fedha ya haraka. Kahawa ikae mtini hadi iive, ivunwe, ikauke, ipelekwe chama cha msingi. Kama uko karibu na 7, jiandikishe baada ya malipo ya msimu kutoka. Na mwambie baba asisaini karatasi yoyote ya yule bwana hadi umeandikiwa na mwajiri mwenyewe, kwa jina lako lilivyo kwenye pasipoti.